Sufuria la maulidi limepata kazi nyingine

Oya mwanangu,

Niaje huko, mishe zinaendaje? Natumai Kariakoo haijakumeza kabisa. Huku Lushoto baridi ndo ile ile, asubuhi ukungu unashuka mpaka mgomba wa jirani huuoni. Mama anakusalimia sana, anasema ukija usije mikono mitupu.

Sasa nimeona nikuandikie kirefu maana kwenye ile voisi yako umeuliza eti "hivi nyie mnaofundisha hao madogo jioni mnalipwa na nani?", nikacheka sana. Hatulipwi na mtu. Mi nipo nyumbani mwaka wa pili huu nasubiri ajira, vyeti vimelala kwenye begi, na siko peke yangu, tupo sita tuliomaliza vyuo, kazi yetu ilikuwa kukaa kijiweni kubishana Simba na Yanga toka asubuhi. Siku hiyo yule mzee fundi cherehani akapita, akasimama, akasema wasomi wote mko hapa halafu mjukuu wangu yuko kidato cha pili hawezi kusoma swali akalielewa, sasa mnalinda nini hapo? Akaondoka zake. Aisee iliniingia.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, yeye akatupeleka kwa mkuu wa shule, tukapewa darasa moja jioni. Wiki ya kwanza madogo walijaa mpaka madirishani, wiki ya tatu wamebaki kumi na moja. Sisi tukajua ni uvivu tu, kumbe njaa mwanangu! Mtoto katoka kwao saa kumi na moja alfajiri, kashuka mlima kapanda mlima, tumboni hana kitu mpaka jioni, halafu mimi namwambia kaa tena masaa mawili tufanye logarithi. Na mimi huyo huyo niliyekuwa naiba mapea na wewe njiani, nimeshasahau.

Basi ikaitishwa mikutano ya wazazi kuhusu chakula cha shule. Hapo ndo palikuwa na mziki. Unajua toka 2016 ada ilipofutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, ukimwambia mzazi changia anakujibu serikali imesema bure. Na ada kweli haipo, sio kama sisi tuliokuwa tunarudishwa nyumbani kwa ajili ya 20,000, ila shule ya kutwa chakula mpaka wazazi wenyewe wakubaliane. Tukaanza na kuchangisha hela, tukafeli vibaya, ndani ya wiki mbili maneno yamezagaa kwamba tunakula hela zao, na mi hata soksi mpya sikuwa nazo. Mkutano wa pili mama mmoja akanyanyuka akasema hela hatuna, mahindi tunayo, mbona mnatuomba tusichokuwa nacho? Yakaisha hapo hapo. Kila kaya debe la mahindi na kisado cha maharage, kila mwanafunzi anakuja na ukuni wake mmoja, na akina mama wakatoa lile sufuria lao la maulidi, lile ambalo wewe uliwahi kujificha ndani ukiwa mdogo. Sasa saa nane mchana makande yanaliwa, na darasa la jioni limejaa tena, wala hatukumbembeleza mtu.

Ila njaa ilikuwa nusu ya tatizo, nusu nyingine ni Kiingereza. Kuna binti mmoja wa kidato cha pili nilimuuliza chakula kinasagwaje tumboni, akanieleza kwa Kiswahili toka mdomoni mpaka utumbo mpana, safi kabisa, vizuri kuliko mimi. Nikampa karatasi nikamwambia haya andika. Unajua alichoandika? Kalinakili swali lenyewe, kwa mwandiko mzuri, akaweka nukta. Miaka saba kasoma usanisinuru, kaingia form one anaambiwa photosynthesis, na mwalimu wa kumvusha hapo hana muda, ana watoto wengi na vipindi vingi. Kwahiyo sasa hivi kila siku nusu saa ya kwanza ni kusoma maswali tu, ya mitihani ya nyuma tunayoishusha kwenye tovuti ya NECTA, lile baraza la mitihani, swali linataka nini, "state" ni nini, "explain" ni nini. Hatugusi jibu kwanza. Wenzangu mwanzo waliona napoteza muda, wakanyamaza wenyewe.

Alafu kuna dada mmoja karudi shule baada ya kujifungua, si unajua toka Novemba 2021 wameruhusiwa. Mtoto wake anakaa jikoni na akina mama, wanapokezana mgongoni huku wanakoroga makande, akilia njaa wanamwita mama yake dirishani. Kuna wazee walinuna mwanzoni. Bado wananuna kidogo, lakini mahindi wameleta.

Vijana wa bodaboda nao wakajitolea kuwarudisha mabinti makwao giza likiingia, wazazi wakakataa katakata, na mi sikuwalaumu, tunajuana bwana. Sasa wanatembea kwa makundi, mtu mzima mmoja mbele mmoja nyuma, bodaboda wao kazi yao ni kubeba magunia.

Sasa shida yangu kwako. Form four wanaingia kwenye mtihani Novemba na taa tuliyonayo ni moja, ya sola, ikifika saa moja na nusu inafifia watoto wanasogeleana kama nzi kwenye embe. Nitafutie mbili hapo Kariakoo, zile imara sio zile ulizoniuzia mimi. Na ukipita kwa wauza vitabu vya mitumba niangalizie kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hata kama jalada limetoka. Hela usitume, tutaanza tena yale maneno, we pakia mzigo kwenye basi la Lushoto unipigie namba ya basi.

Ukija Desemba utaingia darasani na wewe. Usiniambie uliacha form two, hesabu za chenji unazijua kuliko sisi wote.

Wako wa siku zote.