Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: virusi kwa sokwe na kima wa porini, na lile suala la sindano

Wanachama wenzangu, salaam. Kazi za kawaida mnazijua: semina imefanyika, fomu mpya za mizoga zimetoka, barakoa na umbali wa mita 10 kutoka kwa wanyama vinaendelea. Sitarudia.

Niende kwenye lile mnalojadili kwenye grupu usiku kucha. Ni kweli kamati imeamua tuache kupiga wanyama sindano ya usingizi ili tutoe damu, tubaki na kinyesi na mkojo, na ni kweli wazo lilikuwa langu, sikatai. Kuna mtu kaandika eti mwenyekiti katugeuza waokota mavi. Haya. Mavi hayohayo ndo yalionyesha mwaka 2006 kwamba virusi vilivyozaa HIV-1 kundi M, lile lililosambaa dunia nzima, vilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun. Na Gombe walifuatilia sokwe miaka kibao kwa kinyesi na mkojo, 2009 ikatoka kwamba sokwe mwenye SIV, yaani virusi vya sokwe na kima vya jamii moja na HIV, ana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya asiye nayo, na kabla ya hapo ilikuwa inasemwa tu kwamba haiwadhuru. Sasa sindano ya nini?

Afu kumshika sokwe ni kumpumulia. Ngogo, kule Kibale Uganda, sokwe 25 walikufa kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 kwa virusi vya kifua vya binadamu, vile ambavyo kwako wewe ni kamasi za siku tatu. Mnaopinga nawapa pointi moja, homa ya manjano inataka damu, kinyesi hakitakusaidia sana. Ila hata Brazil wanaangalia mizoga ya kima wale wapiga mayowe, wakianza kufa ovyo watu wanachanjwa.

Ningeyasema haya kwenye kikao cha kura lakini viti vilikuwa vitupu, kelele zote zikaja baadaye kwa simu. Na ada ndo usiseme, waliolipa hawafiki nusu, na nikiangalia majina ya wanaolalamika sana humo siwaoni. Dawa ya kuhifadhia sampuli hainunuliwi kwa emoji. Tumeishia kutumia spiriti, nayo ikimwagikia lebo inafuta wino wote, unabaki na kichupa cha kinyesi kisicho na mwenyewe wala tarehe. Nilishasema andikeni kwa penseli, nikaonekana mshamba.

Mwaka ujao Mungu akijalia tutafute friza ya maana, na pengine maabara itakayokubali kutupimia, mazungumzo yapo yapo. Mweka hazina atapita na daftari baada ya kikao, naomba mtu asitokee mlango wa nyuma.