Risala ya Kamati ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji, Kandokando ya Bwawa la Mindu, Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na mtaa, viongozi wa dini, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wazazi wenzetu, wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo Machi 22 tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi na ungeweza kutuma mwakilishi, kama tulivyowahi kutumiwa. Umekuja mwenyewe, na umefika kwa wakati. Wazazi wamelisemea hilo tangu ulipoteremka kwenye gari. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya shule hii haitengani na bwawa unaloliona nyuma ya madarasa. Bwawa la Mindu lilijengwa kwa kuuzuia mto Ngerengere, likaanza kuuhudumia mji wa Morogoro katika miaka ya 1980. Maji yake yanateremka kutoka milima ya Uluguru kwa mito ya Ngerengere, Mzinga, Mlali na mingineyo, na hadi leo ndilo chanzo kikuu cha maji ya manispaa yetu. Yanayopita hapa huendelea hadi mto Ruvu, unaowanywesha wenzetu wa Pwani na Dar es Salaam. Mengine ya historia yamo katika taarifa ya Mwalimu Mkuu, hatutayarudia.

Kwa upande wa mafanikio, shule imepiga hatua kubwa. Ufaulu wa darasa la saba umepanda. Klabu yetu ya mazingira ilishika nafasi ya tatu ngazi ya kata kwa ngonjera kuhusu utunzaji wa vyanzo vya maji, nawe umeisikia hapo awali. Zaidi ya nusu ya miti tuliyopanda mwaka jana imeshika, jambo ambalo kwa kiangazi kile ni ushindi mkubwa, na imeshika kwa sababu watoto waliimwagilia kwa ndoo.

Hapo kwenye ndoo ndipo tunapoomba usikivu wako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule ina upungufu wa madawati, haina uzio, na walimu wanne wanapanga mbali. Leo hatutayazungumzia hayo. Kamati ilikaa ikakubaliana kwamba miaka iliyopita tuliomba mambo saba kwa mpigo, tukaahidiwa yote saba. Leo tunaomba moja tu. Tunaomba maji ya bomba.

Shule hii inalitazama bwawa linalonywesha mji, na haina hata koki moja. Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la nne hadi la saba hushuka bwawani. Msimu huu wa mvua ukingo uko karibu. Ifikapo Septemba maji yanarudi nyuma, na kati ya majani na maji panabaki ukanda wa tope jeusi. Mtoto huvua viatu, huzama hadi magotini, hukinga kwa kikombe kidogokidogo ili asitibue, hujaza ndoo, kisha huweka tawi la majani juu ya maji yasimwagike njiani. Akifika darasani sketi imelowa na kipindi cha kwanza kimekwisha. Maji hayo ndiyo ya kupikia uji, ndiyo ya kudekia, ndiyo ya vyooni.

Wataalamu wa afya waliokuja hapa walitufundisha kwamba kichocho hakimwingii mtu kwa kunywa tu. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa kwenye maji yaliyotulia hupenya ngozi ya aliyesimama humo. Watoto wetu husimama humo kila siku. Serikali inaleta dawa, tunashukuru, watoto wanameza mbele ya walimu. Kesho yake asubuhi wanarudi kwenye maji yaleyale. Wasichana wakubwa wakiwa katika siku zao hubaki nyumbani, kwa sababu choo kisicho na maji hakiwasitiri. Mama mmoja mjumbe wa kamati alituomba tusiliandike hili kwa aibu. Tumeliandika, kwa ridhaa yake ya baadaye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si geni kwenye meza za viongozi. Mgeni rasmi mmoja aliandika kwenye kitabu chetu cha wageni, "Suala la maji nimelichukua." Ukurasa upo, utauona utakaposaini. Mwingine alituahidi miezi mitatu. Kwa kweli mafundi walikuja, wakapima, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka barabarani hadi jikoni. Wazazi wakashangilia, wakajigawia vipande, wakachimba mtaro kwa majembe yao Jumamosi tatu mfululizo. Mabomba hayakuja. Masika ikaufukia mtaro. Mwaka uliofuata tukaambiwa bajeti imepita, tuchimbe, tukauchimba tena. Masika ikaufukia tena. Vigingi viwili vimeliwa na mchwa. Vilivyobaki tumewakataza watoto kuving'oa, kwa kuwa ndivyo ushahidi pekee kwamba kuna siku tulihesabiwa.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba waliotutangulia kuahidi hawakuwa na nia njema. Tunasema tu kwamba nia njema haijawahi kutoka kwenye koki.

Tunazijua pia sababu tunazopewa. Tumeambiwa bomba kubwa linalotoka bwawani lina maji ghafi yanayokwenda kwenye chujio la Mafiga, halitobolewi. Tumeelewa, na hatuombi litobolewe. Tunaomba laini ya maji safi, iliyokwisha kufika kwenye nyumba za mwisho upande wa barabara, isogezwe hadi hapa. Tulipima kwa kamba, ni mita mia sita na kidogo. Tumeambiwa pia kuwa maji hayatoshi mjini. Hilo nalo tunalijua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 315,866 katika manispaa, ya mwaka 2022 ikahesabu 471,409, na bwawa ni lilelile, likizidi kujaa tope linaloletwa na mito kutoka mashamba ya milimani. Lakini shule inaomba koki nne na tenki. Na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilipanga hata mwananchi wa kijijini asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji. Hatuko kijijini. Tuko kwenye chanzo.

Tena kuna hili, ambalo kwetu ndilo zito. Tunawafundisha watoto kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Klabu yetu ilikwenda kwa upole kuwaomba wanaolima nyanya ukingoni watoke. Mkulima mmoja akauliza, "Na nyie watoto mnashuka humo kila siku kufanya nini?" Watoto walirudi kimya. Walimu hawakuwa na jibu, nasi kamati hatunalo. Leo utapanda nasi miti ndani ya mita hizohizo, na kiangazi kikija watoto watapita katikati ya miche hiyo wakiwa na ndoo.

Kwa upande wetu, mtaro tutauchimba kwa mara ya tatu, na orodha ya wazazi kwa vipande imeshaandaliwa. Ankara ya kila mwezi italipwa na kamati kutokana na michango ambayo kikao cha wazazi kimeipitisha. Tunachokosa ni mabomba, dira ya maji, na mtu wa kusimamia. Kwa heshima kubwa tunaomba, kabla hujaondoka, ututajie ofisa mmoja tutakayemfuatilia na tarehe tutakayomwuliza. Tukipata hayo mawili tu, leo itakuwa tofauti na siku nyingine zote tulizosoma risala hapa.

Mwisho, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala tunakwenda kupanda miti. Tunakuomba tupitie kwanza kwenye kigingi cha kwanza, pale karibu na mwembe, ukione kwa macho yako. Ni hatua chache, na ardhi imekauka tangu jana.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya Kamati ya Shule.