Mwanaidi, njoo tumkate Tonge meno

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo, mama hajambo, watoto je? Huku wazima, Zuberi bado anasumbua na masomo yake ya usiku, bibi goti limepoa kidogo, mengine tutaongea tukionana maana ni mengi na tumekaa kimya muda mrefu. Leo nina jambo moja tu limenikaa moyoni na wewe ndo mtu wa kwanza niliyemfikiria.

Tonge, yule samaki wangu bunju, anaumwa. Hawezi kula.

Na hapo nataka unielewe vizuri, sio kwamba hataki, hawezi. Nikisogea na bakuli la chakula anakuja kwenye kioo mbio vilevile, mkia unacheza, jicho moja linanitazama mimi na jingine linafuata mkono wangu, si unajua anavyoyazungusha kila moja kivyake. Namtupia uduvi, anaudonoa, anautema. Anaudonoa tena, anautema. Anajaribu mpaka anachoka, afu anaenda kujibanza nyuma ya ule mzizi na tumbo linageuka rangi. Lile tumbo lake jeupe pee ulilokuwa unalipenda, sasa hivi muda mwingi ni la kijivu linaelekea weusi, na kwa bunju wa aina yake tumbo likiwa hivyo mchana kutwa ujue roho yake haijatulia.

Basi nikamvizia akiwa karibu na kioo nikammulika na tochi ya simu. Meno, Mwanaidi. Ya juu yameshuka yamepita ya chini, yamepinda kuingia ndani, kinywani umebaki mwanya mdogo ambao hata mnyoo unapita kwa kubembelezwa. Nilikaa pale chini nikaishiwa maneno.

Wewe umefuga samaki wengine ila bunju hujafuga kwa hiyo ngoja nikueleze, hawa wana meno manne, mawili juu mawili chini, yameungana kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua maisha yao yote. Huko wanakotoka, kwenye mikoko ambako mto unakutana na bahari, kutwa wanavunja maganda, konokono, kaa wadogo, chaza, ndo meno yanasagika yenyewe bila mtu kuyashika. Tonge kabla hajaja kwangu alikuwa analishwa minyoo laini ya kugandishwa tu, kila siku hiyohiyo, tena kwenye maji yasiyo na chumvi hata chembe. Aliyekuwa naye simlaumu sana maana bunju hawa wa kijani wenye madoa meusi wakiwa wadogo wanauzwa hivyohivyo kwamba ni samaki wa maji ya kawaida, na kweli wakiwa wadogo wanavumilia, ila wakikua wanataka chumvi na inaongezeka kadiri wanavyokua. Ila inaniuma. Kiumbe anayeweza kuishi zaidi ya miaka 10 akitunzwa vizuri, halafu anataka kufa na njaa mbele ya chakula.

Sele anasema nitoe hela ninunue mwingine. Nimemwambia asirudie. Mwingine atakuwa mwingine, hatakuwa Tonge anayemtemea Zuberi maji usoni kila akiinama kufunua tangi, na akishamtemea anakuja mbele kabisa kuangalia amelowa kiasi gani. Mpaka leo Zuberi anafunua kile kifuniko ameweka kitabu usoni.

Na mjomba naye, yeye kila akija lazima aanze ile stori ya sumu, kwamba nimeweka kifo sebuleni. Ni kweli bunju ana sumu kali sana na haina dawa ya kuipooza, hilo sibishani nalo, hata yule nahodha Mwingereza James Cook mwaka 1774 kule New Caledonia alionja ini la samaki wa jamaa hii kidogo tu akakosa nguvu mwili mzima, na nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule akakutwa amekufa. Lakini ile ni ya kula! Mimi simli Tonge. Tena sumu yenyewe hawaitengenezi wao, inatoka kwa bakteria na kwenye vyakula wanavyokula huko baharini, ndo maana bunju waliofugwa kwa chakula safi tangu wadogo wanakutwa hawana au wanayo kidogo mno. Mjomba hasikii. Wewe ukija utamsikia tu, mwache aongee.

Turudi kwa mgonjwa. Najua utaniuliza maji, na mimi nilianza na maji. Zile sumu za uchafu wa samaki, amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti haijafika 20, joto 26, filta inavuta vizuri, na maji nabadilisha karibu nusu ya tangi kila wiki maana bunju anakula nyama na mabaki yake yanachafua haraka kuliko samaki wako wote wale wa rangirangi. Chumvi nayo napandisha polepole, ile chumvi ya tangi la bahari, sio ya jikoni, nilianza 1.005 kwenye haidromita, kile kipimo cha chumvi, nataka tufike 1.010 taratibu ili bakteria wa filta wanaosafisha maji nao wazoee. Kwa hiyo sio maji.

Vidoa vyeupe mwilini hana. Hajikwaruzi kwenye mawe. Mapezi yamefunguka. Minyoo ya tumboni niliifikiria pia maana bunju waliovuliwa porini wengi wanakuja nayo, ila wa minyoo anakula vizuri na bado anakonda, huyu anakonda kwa sababu chakula hakiingii. Kuna watu wawili watatu wameniambia nimwage dawa tu kwenye tangi, dawa yoyote, bora nimefanya kitu. Hapana. Bunju hana magamba ya kumkinga kama samaki wengine, dawa inamwingia moja kwa moja, na zile zenye shaba ndo kabisa zinaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Simwagi dawa ya kubahatisha kwenye maji anayopumua mtu ambaye tatizo lake ninaliona kwa macho yangu.

Tatizo ni meno. Na meno yanakatwa.

Daktari wa mifugo niliyempigia alinisikiliza kwa heshima kweli, akasema yeye ng'ombe, mbuzi, mbwa, samaki hajawahi kumshika mkononi kwa matibabu. Akanitakia heri. Kwa hiyo imebaki sisi, na hapa ndo nakuja kwako, maana kazi hii inataka watu wawili, mmoja ashike, mmoja akate, na mimi nilikuona siku ile ulivyomtoa mwiba kooni paka wa Mama Nuru, kila mtu anapiga kelele wewe mkono umetulia tuli. Mkono ule ndo ninaoutaka.

Nimesoma sana na nimeangalia watu wanavyofanya, ngoja nikupe mpango uuone kama una pengo. Tunachukua maji ya tangi lake mwenyewe, chumvi ileile joto lilelile, tunaweka kwenye bakuli. Pembeni tunachukua chupa yenye maji hayohayo, tunadondoshea mafuta ya karafuu tone tone, tunatikisa mpaka maji yawe meupe, maana mafuta bila kutikiswa yanaelea juu na kipimo kinakuwa cha uongo. Afu tunamimina kidogokidogo kwenye bakuli alimo Tonge, tunasubiri, tunamimina tena kidogo. Ataanza kuyumba, kisha atalala ubavu, ukimgusa hashtuki, lakini matamvua bado yanafanya kazi taratibu. Hapo ndo pa kusimama. Mwanaidi, hapohapo, sio mbele ya hapo, kwa sababu mafuta haya haya yakizidi ndo wanayotumia kumpumzisha milele samaki asiyepona. Hili ndo linaloninyima usingizi. Sio kukata, ni kile kipimo.

Akishalala, wewe unamshika ndani ya kitambaa kilicholowa maji ya tangi, au mimi namshika wewe unakata, nafikiri hiyo ya pili ni bora. Tunatumia vile vikoleo vidogo vya kukatia ngozi ya kucha, vipya, havijawahi kugusa rangi wala asetoni. Unakata ncha tu, kipande kidogo, afu kingine, mbali na mdomo wa nyama, na yale ya juu kwanza kwa sababu ndo yanayoziba. Hatuhitaji yawe mazuri, tunahitaji kinywa kifunguke, yanayobaki atayasaga mwenyewe kwa konokono. Halafu haraka kwenye ndoo ya maji safi ya tangi yenye pampu ya hewa, tumshike wima, maji yapite kinywani mpaka mapezi yaanze kupiga. Kazi yenyewe ya kukata ni dakika chache, kinachochukua muda ni kumlaza na kumwamsha.

Na kitu kingine, kumhamisha tunatumia bakuli, sio wavu, na hatoki nje ya maji ovyo. Akishtuka anajivimbisha, hilo unalijua, tumbo linajaa maji anakuwa mpira, hana mbavu za kumzuia, na maji hayo anayatoa mwenyewe baadaye. Ila akivimba akiwa hewani anameza hewa, na hewa kuitoa ni shida, anaelea tumbo juu anahangaika mpaka umshike chini ya maji kichwa kikiwa juu umtikise polepole hewa ipande itoke. Naomba tusifike huko.

Kwa sasa namkatia ngisi nyuzi nyembamba kabisa namsogezea kwa kibano karibu na ule mwanya, kuna siku anafanikiwa kumeza kidogo, siku hizo nyumba nzima tunafurahi, bibi anauliza toka chumbani "amekula?". Kuna siku hamezi kitu. Jana alidonoa, akatema, akanitazama tu.

Ndo maana sitaki tuchelewe, akizidi kukonda hata kule kumlaza atakuwa hana nguvu ya kuamka. Sele anasema tumsubiri apate nguvu kwanza, lakini nguvu ataipata wapi kama hali? Linazunguka tu hilo jambo kichwani. Wewe unaonaje? Maana ukiniambia tusubiri nitakusikiliza wewe kuliko yeye.

Halafu kuna ombi la pili na hili utalifurahia. Wale konokono wadogo wanaojaa kwenye tangi lako ambao kila siku unawalalamikia, usiwatupe tena. Tonge akifunguka kinywa ndo chakula na ndo msasa wake. Nataka niwafuge kwenye mtungi wa pembeni, nimpe wachache wachache kwa sababu kwenye maji yenye chumvi hawadumu, wakifia humo wataharibu maji. Wale warefu wenye ganda gumu kama jiwe hao usilete, wanaweza kumvunja jino. Nitakuwa namchanganyia na kaa wadogo na uduvi wa maganda yake, kimoja tu sitaki tena, maana baadhi ya kome na uduvi vikiwa ndo chakula cha kila siku vinamla vitamini B1 mwilini, na sijamtoa kwenye shida moja ili nimtie nyingine.

Niambie basi, unaweza kuja lini, wikiendi hii au mpaka ile nyingine? Vikoleo vya kucha unavyo vipya au nitafute? Tangi lako ulishawahi kulitia dawa yenye shaba, hata zamani, kabla ya hao konokono? Mkikaa usiku itabidi nimwambie Zuberi alale kwa Sele, watoto unakuja nao? Mama Nuru alisharudi na unafikiri anaweza kukaa na bibi muda tukiwa kwenye ile kazi, maana bibi amesema na yeye anataka kushika tochi na mimi naogopa goti? Na we mwenyewe mkono uko sawa, lile jeraha la kisu limepona? Nijibu hata kwa meseji fupi, hata usiku wa manane, simu nimeiweka sauti ya juu.

Nakusubiri sana.

Wako,
Zaituni

NB: siku hiyo usipake losheni wala mafuta mikononi, na ukinawa nawa kwa maji matupu bila sabuni.