Barua kwa binamu yangu anayetaka kujenga maktaba Kaloleni

Binamu,

Salamu kutoka Ololo, Kaloleni yetu ya Nairobi. Ujumbe wako kwenye kundi la familia niliusoma mara mbili: sisi tuchange, wewe huko Marekani utafute wafadhili, tuwajengee watoto wa mtaa maktaba. Wote walikushangilia. Mimi nilinyamaza, sikutaka kukuaibisha mbele ya shangazi. Lakini binamu, maktaba si ipo! Ni ile ile tuliyokuwa tukinyamazishwa kwa kucheka.

Ukitaja maktaba, naona mawazo yako yanakimbilia ile ya mjini, McMillan, pale Banda Street karibu na Msikiti wa Jamia, yenye nguzo nene na simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani mwenye mwili wa kutisha, aliyefariki 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk. Shirika la Carnegie nalo lilitia fedha. Jengo zuri, ila lilikuwa la Wazungu peke yao hadi 1958.

Hapo ndipo huwa namfikiria babu. Alihamia Kaloleni nyumba hizi zikiwa mpya, zile ambazo mateka wa Kitaliano wa Vita vya Pili walitiwa kazi kuzijenga miaka ya 1940. Barua za nusu ya majirani ni yeye aliyekuwa akizisoma na kuzijibu. Miaka zaidi ya kumi alikuwa akipita mbele ya wale simba akienda kazini, na kupita tu ndiko alikoruhusiwa.

1962 baraza la jiji likakabidhiwa McMillan, na ndiyo iliyokuja kuwa na matawi mawili huku Eastlands: letu na la Makadara. Watu wakisimulia historia ya maktaba hiyo huishia kwa simba. Sisi hatukuwa na simba wala nguzo. Tulikuwa na kijumba kidogo, meza, na ukimya ambao nyumbani haungepatikana hata kwa pesa, watu saba chumba kimoja na redio ya jirani ikiimba ukutani.

Unakumbuka ile karatasi iliyogundishwa nyuma ya jalada, yenye mihuri ya tarehe? Tulikuwa tukishindana kutafuta kitabu chenye muhuri wa zamani zaidi. Wewe ulikuwa unatia mate kidoleni na kusugua tarehe ya mwisho ili ujiongezee siku. Wino ukakusaliti: kidole kilibaki cha zambarau hadi jioni, na mama akajua.

Baadaye ulisafiri, rafu zikachoka, paa nalo likachoka. Kisha 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wakaanzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaafikiana na serikali ya kaunti kuzikarabati zote tatu. Kazi ya kukarabati ilianzia huku kwetu na Makadara, ya mjini ikangoja zamu yake. Hilo lilinifurahisha kuliko hata rangi mpya ya ukuta. Babu angecheka sana.

Kwa hiyo weka chini hiyo ramani ya jengo. Jengo jipya lina sherehe, lina kibao chenye majina ya waliochanga, najua. Lakini mtoto anayesoma pale leo hahitaji mlango wa pili. Kama pesa zinakuwasha, njoo Desemba, ukae nao alasiri moja, uwaulize wanaohudumu pale vitabu gani huombwa na havipo. Mimi ningeanza na hadithi za Kiswahili na Dholuo, lakini usiniulize mimi, nina miaka arobaini na kitu.

Jambo jingine. Tulipoongea kwa video siku ya Krismasi, nyuma yako palikuwa na rafu, na kwenye rafu kitabu chenye mgongo wa kijani uliobandikwa plasta. Plasta ile niliibandika mimi. Ukija, njoo nacho.

Wako wa Ololo