Pimeni kambale wa Sabaki, achaneni na vichupa vya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Kila ikizuka habari ya uchafu wa mto Sabaki huku kwetu Malindi, utaona watu wamekuja na vichupa, wanachota maji pale darajani, wanaondoka, basi. Sasa kuna hizi kemikali za kuzuia moto, PBDE wanaziita, zilizotiwa miaka mingi kwenye sponji za makochi na plastiki za TV na kompyuta ili zisishike moto haraka, na hizo na maji hazielewani kabisa, zinaganda kwenye tope na kuingia kwenye mafuta ya samaki, kwa hivyo maji ya kichupa yanaweza kutoka masafi na samaki anazo.

Na mto wenyewe watoka mbali. Sabaki ndiyo Galana, Galana ndiyo Athi, na Mto Nairobi unaopita ubavuni mwa jaa la Dandora unamwaga humo humo. Mvua ikinyesha huko juu tunaletewa lile tope jekundu linalotia bahari rangi, na kambale kazi yake ni kulala kwenye tope na kula kilichomo.

Huko Uswidi kemikali hizi waliziona kwenye samaki wa mto Viskan tangu 1981, karibu na viwanda vya nguo. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali za sumu zisizooza upesi, ukaziwekea marufuku aina zake ziitwazo penta na okta 2009, deka ikafuata 2017, na Kenya imo, lakini kochi la zamani bado liko sebuleni kwa mtu ama lishatupwa jaani, marufuku hailifuati huko.

Ninachoomba, wakija kupima wasikate mnofu tu kana kwamba sote twala fileti. Sisi kambale twamla na ngozi yake, na kichwa ndicho kinachogombaniwa, kile kinachoacha mafuta yakielea juu ya tui, na mafuta ndiyo yenyewe! Wasage samaki mzima, mnofu waupime kando, halafu watwambie ni nanogramu (sehemu moja ya bilioni ya gramu) ngapi kwa gramu ya nyama na ngapi kwa gramu ya mafuta, maana ukipewa namba moja hujui wamehesabu vipi. Wachukue wa darajani na wa kule Baricho (yanakotoka maji yetu ya mfereji, tusisahau), na wachague wakubwa, si vitoto, mkubwa ndiye aliyejikusanyia miaka.

Matokeo yabandikwe sokoni, kwa Kiswahili.

Mla kambale,
Malindi