Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hataza Zetu za Ng'ambo na Kinachopimwa Nazo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaokwisha. Mikutano, mafunzo ya uandishi wa maombi ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa) na ukaguzi wa hesabu vimekwenda kama vilivyopangwa, na maelezo yake yamo katika taarifa ya katibu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile idadi ya hataza zilizosajiliwa ng'ambo, ambayo kwa miaka mingi tumeiweka ukurasa wa kwanza kama ushahidi kwamba nchi ndogo kama yetu inavumbua.

Safari hii kamati ilikataa kupokea jumla peke yake, ikaketi kusoma hati moja baada ya nyingine. Hati za Marekani zinazotolewa siku hizi zina namba ndogo katika mabano kwenye ukurasa wa mbele: 72 hutangulia jina la mvumbuzi na mahali anapoishi, na 73 hutangulia jina la mwenye miliki. Tulipoisoma mistari hiyo miwili pamoja, tulikuta hati ambazo mvumbuzi ni wa kwetu lakini miliki ni ya kampuni ya nje iliyomwajiri, na nyingine ambazo mwenye miliki ana anwani ya hapa kwa ajili ya unafuu wa kodi, ilhali wavumbuzi wake wote wanaishi kwingine. Taarifa zilizopita zilizijumlisha zote pamoja. Nilizisaini mimi, na nakiri kwamba tulijivika wenyewe kilemba cha ukoka.

Hataza hulinda ndani ya mipaka ya mamlaka iliyoitoa, kwa hiyo mtu huiomba ng'ambo pale anapotarajia soko au anapomhofia mshindani. Mkataba wa Paris wa 1883 humpa mwombaji miezi 12 ya kipaumbele, yaani akiomba nchi nyingine ndani ya muda huo hutazamwa kana kwamba aliomba siku ya ombi lake la kwanza, na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza uliotiwa saini 1970 humwezesha kusubiri, katika nchi nyingi, hadi miezi 30 tangu ombi la kwanza kabla ya kuingia katika ofisi ya kila nchi. Baada ya hapo huja tafsiri, mawakala na ada za kila ofisi. Mwanachama wetu mmoja aliliacha ombi lake life mwezi huo wa 30, alipoletewa makisio ya gharama. Mashine yake inafanya kazi hadi leo, ila katika hesabu ya ng'ambo haimo. Aliyeweza kulipa, kwa upande mwingine, akapata hataza Marekani, Japani na Ofisi ya Hataza ya Ulaya kwa uvumbuzi uleule, sisi tulimhesabu mara tatu.

Nchi nyingine ndogo zimepitia haya. Programu ya Skype ya kupiga simu kwa intaneti, iliyozinduliwa 2003, iliandikwa na wataalamu wa Estonia, lakini makao makuu ya kampuni yalikuwa Luxembourg. Anayehesabu kwa anwani ya mwenye miliki hawaoni watu wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Isitoshe, Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973 hauitambui programu ya kompyuta, ikiwa peke yake, kuwa uvumbuzi. Uswisi nayo ilikuwa na viwanda vya rangi na kemikali pale Basel kabla sheria yake ya hataza ya 1888 haijapanuliwa, mwaka 1907, ili ifike kwenye kemikali.

Hata hivyo sikubaliani na wajumbe waliotaka tuitupe idadi hii. Mkaguzi wa maombi katika ofisi ya hataza ya nje hana undugu nasi, na akisema jambo ni jipya, neno lake lina uzito kuliko sifa tunazopeana ukumbini.

Kamati inapendekeza idadi ihamie kwenye kiambatisho, ikiwa na safu mbili, moja ya wavumbuzi na moja ya wamiliki. Uvumbuzi mmoja uhesabiwe mara moja hata ukisajiliwa nchi ngapi. Na mwaka unaohesabiwa uwe wa ombi la kwanza, kwa kuwa hataza inayotolewa leo ni kazi ya miaka kadhaa nyuma. Uvumbuzi unaotumika bila hataza utaandikwa katika daftari lake.

Kwa utaratibu huu idadi yetu itashuka, na wafadhili watauliza sababu. Katibu ameandaa maelezo ya ukurasa mmoja ya kuwapa. Pendekezo litapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina.