Barua kwa Mama Baraka: natafuta mabonge mawili ya uzi

Rau, Moshi
14 Mei 2025

Mpendwa Mama Baraka,

Amani ya Bwana iwe nawe na nyumba yako yote. Sisi huku ni wazima, ila mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata kitambaa cha mezani, na goti la Mzee Lyimo bado linamsumbua. Ni muda mrefu sijakuandikia kwa mkono, na huenda umeshtuka kupokea bahasha badala ya ujumbe wa simu. Usishtuke, hakuna msiba. Nina haja, na haja yenyewe haiwezi kupita kwenye simu.

Kwenye kona ya juu ya karatasi hii nimebandika kipande cha uzi kwa selotepu. Naomba ukitazame nje, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa. Ni rangi ya jani changa la mgomba, lile ambalo bado limejiviringa na ndiyo kwanza linaanza kujikunjua, kabla jua halijalikomaza. Nilijaribu kuupiga picha mara nne, mara mbili dirishani na mara mbili barazani, na kila mara ikatoka ama kijani cha sare ya shule ama manjano ya limau. Ndiyo maana nimeamua kukutumia uzi wenyewe kwa mkono wa Goodluck, ambaye atakuja huko Ijumaa kufuata vipuri.

Natafuta mabonge mawili ya uzi huu. Ni wa pamba tupu, bonge la gramu 100, na lebo yake nimeikunja ndani ya bahasha. Kwenye lebo kuna namba mbili, na zote mbili zina kazi. Ya kwanza ni ya rangi; ya pili, ile iliyopigwa kama muhuri pembeni, inaonyesha ni nyuzi zipi zilizotiwa rangi kwa pamoja. Mabonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti yanaweza kufanana kabisa yakiwa dukani, lakini ukishayafuma pamoja unaona mpaka, kama alama ya maji yaliyokauka ukutani. Ukipata yenye namba zote mbili nitashukuru sana. Ukikuta namba ya pili ni tofauti, chukua tu, kwa sababu nitafumua mistari kumi ya mwisho, kisha nifume miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa uzi mpya, hivyo hivyo kwa kupokezana, mpaka jicho lisijue mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Nimekufungia shilingi 25,000, na kama bei imepanda nitakutumia zilizopungua siku hiyo hiyo.

Sasa nikueleze ni wa nini. Nafuma blanketi la mtoto wa Upendo.

Ndiyo, ana mimba, na imeingia mwezi wa nane. Kliniki wamemwambia atajifungua mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, yaani katikati ya ule ubaridi wetu, wakati mawingu yanapokaa mlimani na tunamaliza wiki nzima bila kuiona Kibo. Hajatangaza kwa mtu, na mimi sijamuuliza lolote zaidi ya hali yake, kwa sababu nakumbuka, kama unavyokumbuka wewe, jinsi mama zetu walivyotukataza kununua hata soksi za mtoto kabla hajalia. Katazo hilo nimeliheshimu mara zote. Safari hii nimelivunja, nikiwa nafuma usiku baada ya watu kulala, na kazi yenyewe nimeificha ndani ya foronya kwenye sanduku la juu ya kabati, kwa kuwa Upendo hupita hapa kila Jumapili akitoka ibadani.

Nimelivunja kwa sababu ya yule wa kwanza. Ulikuwa umeshahamia Arusha, kwa hiyo hukuona mengi. Alizaliwa katika wiki ya 30, akiwa na gramu 1,200, na aliishi siku tisa. Siku hizo zote Upendo alikaa na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kanga juu yake na kofia ndogo kichwani. Muuguzi mmoja mpole alitueleza kwamba njia hiyo ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ambayo haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa joto watoto njiti. Mimi nilikuwa nimeanza kufuma blanketi jeupe siku ya pili, nikidhani naharakisha msaada, na nikafika karibu nusu. Mtoto yule hakuwa na haja nalo. Joto alilolihitaji lilikuwa kifuani mwa mama yake, naye alipewa lote. Lakini Upendo aliniambia baadaye, tukiwa tumekaa jikoni kwake, kwamba kilichomuuma kuliko maneno yote ya watu ni kurudi nyumbani na kukuta hapakuwa na kitu hata kimoja kinachoonyesha kwamba mtoto alikuwa anasubiriwa. Neno hilo halijanitoka. Ndiyo sababu nataka huyu akute chake kimeshakamilika.

Blanketi lenyewe nimelifuma kwa kroshia, sindano ya milimita 4, na nakumbuka mkono wa mwalimu wetu wa sayansikimu kila ninapouvuta uzi: usikaze kana kwamba unafunga gunia, usilegeze kana kwamba unatega samaki. Nilianza na kipande cha kujaribia cha sentimita 10 kwa 10, nikakifua kwa maji ya uvuguvugu, nikakianika kikiwa kimelazwa, na kilipokauka kilikuwa kimepungua nusu sentimita. Kwa hiyo nimelipanua, nikaanza na upana wa sentimita 84 ili likifuliwa libaki 80 au pungufu yake kidogo. Lina vitanzi 134 kwa kila mstari. Nimefika mstari wa 61, mabonge manne yamekwisha, na uzi uliobaki mezani hautoshi kuvuka hata mara moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Bado mistari kama ishirini na ukingo wa kuzunguka.

Utaniuliza kwa nini nimeng'ang'ania pamba, wakati nyuzi za plastiki zimejaa kila duka, ni nyepesi, zinakauka upesi na bei yake ni ndogo. Nimelifikiria hilo kwa makini. Upendo atakwenda kulelewa kwa mama yake kule Kibosho, na wewe unalijua lile jiko la kuni, na jinsi bibi anavyokaa karibu na mafiga akiwa amempakata mjukuu huku mtori ukichemka. Uzi wa plastiki ukiguswa na cheche unayeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba nayo inaungua, lakini haiyeyuki. Sufu ingekuwa na joto zaidi, ila inawasha baadhi ya watoto, na mtu mmoja akiifua kwa maji ya moto bila kujua, inarudi ikiwa ya kumtosha mwanasesere. Kasoro ya pamba ni uzito na kuchelewa kukauka, na Julai ya Kibosho haina jua la kutegemea; hilo nalikubali.

Nimekataa pia ule mtindo wa matundu makubwa tuliokuwa tukiupenda zamani kwa mashali. Unapendeza ukiwa begani mwa mtu mzima, lakini kidole cha mtoto mchanga kinaingia kwenye tundu kama uzi kwenye tundu la sindano, na nyuzi ikikizunguka inakikaza bila mtu kuona, mtoto analia na nyumba nzima inadhani ni tumbo. Kwa hiyo vitanzi vyangu vimeshikana, hakuna matamvua, hakuna shanga, hakuna utepe wa kufungia, na kila ncha ya uzi naipitisha kwa sindano mbele na nyuma mara tatu ndani ya vitanzi kabla ya kuikata. Nitamwambia pia Upendo kwamba ni la kumfunikia mtoto akiwa amepakatwa au yuko mgongoni, si la kuachwa juu yake amelala peke yake kitandani, maana linaweza kupanda usoni.

Uzi huu niliununua karibu na Soko la Kati, na mwenye duka ameniambia mzigo umekwisha na hajui utarudi lini. Nimezunguka mitaa yote ya mjini siku mbili, nikashuka Mbuyuni, na inaniuma kwamba nchi inayolima pamba yote ile ya Shinyanga na Simiyu inaninyima gramu 200. Nilikwenda hata Kiboriloni kwenye mitumba, nikapata sweta la pamba lenye rangi inayokaribia, nikaketi jioni nzima kulifumua. Lilikuwa limekatwa kutoka kwenye kitambaa na kushonwa kwa mashine, si limefumwa umbo lake, kwa hiyo kila nilipofika kwenye mshono uzi ulikatika. Nilibaki na rundo la vipande vyenye urefu wa mkono mmoja mmoja, vimejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Mtu hawezi kumpa mtoto blanketi lenye mafundo mia mbili.

Hapo ndipo Mama Anna aliponiambia neno ambalo limeninyima usingizi, nami nakuletea wewe. Aliniuliza kwa nini nahangaika, wakati lile jeupe lililobaki nusu bado liko sandukuni. Nilifumue, nimalizie mistari iliyobaki kwa nyeupe, na nifanye na ukingo. Alisema uzi hauna kosa. Najua alisema kwa wema, na kwa hesabu ya kufuma yuko sawa kabisa: ni pamba, unene ni ule ule, na nyeupe ingependeza sana pembeni ya kijani hiki. Nililitoa lile jeupe, nikaushika uzi wa mwisho pale nilipoachia, na nikashindwa kuuvuta.

Naona lile si langu la kufumua. Lilifumwa kwa ajili ya mtu, na mtu huyo alikuwa na mama. Nikilitumia kimya kimya, nitakuwa nimeweka kitu cha mtoto mmoja juu ya mwingine bila ridhaa ya mama yao, na nitashindwa kumtazama Upendo kila nitakapoona ukingo ule. Na kumuuliza sasa hivi, mwezi wa nane, akiwa anahesabu siku na hofu yake, siwezi. Pengine ipo siku atataka kulipokea lile jeupe kama lilivyo, nusu, na akilitaka nataka alikute na kila kitanzi chake. Kwa hiyo la kijani lazima limalizike kwa uzi wake lenyewe, na hapo ndipo ninaporudi kwako na kwenye mabonge yale mawili.

Naomba uanze na maduka ya vifaa vya ushonaji yanayozunguka Soko Kuu, kisha kama miguu inaruhusu upite Kilombero. Usikubali wakikwambia "hii ni pamba" kwa maneno. Soma lebo, na kama lebo hakuna, omba kipande kidogo ukichome kwa kiberiti ukiwa nje. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, lakini plastiki inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiupata, mpe Goodluck, ambaye atarudi Jumapili. Ukichelewa, upeleke stendi umkabidhi kondakta kama ulivyofanya kwa zile dawa, kisha unitumie namba ya gari.

Je, unaweza kunifanyia hili kabla ya mwisho wa mwezi? Ukikosa kabisa, unaonaje nilifunge pale pale kwenye mstari wa 61, libaki fupi lakini la rangi moja, au litakuwa dogo mno kwa mtoto atakayekua hadi mwakani? Na hilo la Mama Anna, wewe unalionaje? Je, nimelibeba kuliko uzito wake? Ungekuwa wewe ndiye Upendo, ungependa kuambiwa kwamba lile jeupe bado lipo, na kama ndiyo, ungependa kuambiwa lini? Baraka amepata majibu ya mtihani wake? Na bibi, kifua chake kimepoa, au bado anakataa kuvaa sweta asubuhi? Mfikishie shikamoo yangu.

Ukimwona mtu yeyote wa kwao Upendo huko Sakina, tafadhali usiseme neno.

Rafiki yako wa siku zote,

Ndeshi